Papa Télesphore na Mahindi ya Kilima cha Makaburi

Tarehe 28 mwezi huu wa sita, Papa Télesphore Kalenga anaweka kazi chini baada ya kutunza ghala la mbegu la Chama cha Wakulima cha parokia yetu, hapa Kalemie, kwa miaka thelathini na minne. Alipoanza, nchi ilikuwa ikiitwa Zaire na ghala lilikuwa kibanda cha udongo chenye mlango mmoja. Baadaye likajengwa la matofali, nalo likawekwa mlango mmoja. Wajenzi walitaka kuongeza wa pili upande wa ziwa, Papa akakataa. Alisema mbegu za watu ziingie na kutoka mahali ambapo wote wanaona.

Komite ya chama imeniomba niandike wasifu huu kwa kuwa ninasaidia katika biro, ofisi yetu, tangu nilipomaliza shule. Nilimwuliza Papa angependa niandike nini. Aliniambia nisisahau kumtaja mke wake, Mama Marthe, na kwamba kosa lake la mwaka jana nisiliruke. Mama Marthe nimemtaja. Kosa linakuja.

Papa alizaliwa Moba, katika familia ya wavuvi, akafika Kalemie kwa mashua akiwa kijana anayetafuta kazi bandarini. Kazi ya bandari hakuipata. Alipata kibarua cha kupakua mahindi ya parokia, na padri wa wakati ule akamwona akiokota punje zilizomwagika na kuzitenga: nzuri huku, zilizotobolewa na wadudu kule. Hakuwa ametumwa na mtu. Baada ya muda mfupi akapewa ufunguo.

Kwa wageni wasiolijua ghala letu, kazi yake ilikuwa hivi. Baada ya mavuno kila familia ya chama inaleta sehemu ya mahindi na maharagwe yake. Papa anachagua, anaanika, anachanganya na majivu ili wadudu wasiingie, kisha anafunga katika mapipa mpaka msimu wa kupanda. Nyumbani mbegu haina usalama. Watoto wakilala na njaa, mama gani ataiacha kwenye kikapu? Ghalani kwa Papa Télesphore, hata yeye mwenyewe alikuwa haigusi. Mama Marthe anasimulia kwamba mwaka mmoja walikula muhogo mtupu wiki baada ya wiki, na mume wake alikuwa akirudi kila jioni na vumbi la mahindi kwenye nywele.

Watu waliokimbia vita kutoka Nyunzu walipofika mjini bila kitu, Papa ndiye aliyewaombea mbegu kwa komite, na ndiye aliyewafuata mashambani kuhakikisha zimefika ardhini. Alikwenda pia Kabalo kwa treni, akakaa huko msimu mzima akiwafundisha wenzetu kujenga ghala lao. Walimpa zawadi ya mbuzi. Mbuzi huyo alikula tiketi yake ya kurudi, na Papa alilazimika kumweleza mkuu wa stesheni jambo ambalo mkuu wa stesheni alikuwa hajawahi kulisikia.

Majivu nayo yalimletea sifa. Jumatano moja ya Majivu alikimbia kutoka ghalani moja kwa moja hadi kanisani, uso mzima ukiwa mweupe. Padri Ruben, paroko wetu, alipomfikia alisimama, akamtazama, kisha akamwambia kwamba yeye amekwisha kupata ya mwaka huu na ya mwaka ujao.

Kila alasiri Papa alikuwa katekista. Sisi watoto wa parokia tulijifunza ufufuko kwake, na tulijifunza kwa maharagwe. Kabla ya Pasaka kila mtoto alipanda harage moja katika mkebe wa maziwa. Injili inasema punje ya ngano lazima ife kwanza ndipo izae, lakini nani kati yetu alikuwa ameona ngano shambani? Chadrack, ambaye leo ni fundi wa pikipiki, aliuliza kama ngano njo mkate, yaani ndiyo mkate wenyewe, na kama ni hivyo, mkate ukizikwa utafufuka namna gani. Papa alicheka mpaka akakaa chini. Chadrack huyohuyo alifukua harage lake kila asubuhi aone kama limekwisha kufa. Halikuota. Papa alimpa jingine, akamwambia, “Hili uliache likufe kwa amani.”

Alichotufundisha ni hiki. Unachoweka ardhini si kile utakachokiona. Hupandi shina wala majani. Unapanda kitu kidogo, kikavu, kinachofanana na kitu kilichokufa, na Mungu anakipa mwili mwingine anaoutaka yeye. Ndivyo atakavyofanya na sisi. Ndiyo maana, kila alipoongoza sala makaburini wakati padri yuko safarini vijijini, alimaliza kwa maneno yaleyale mbele ya kaburi: hatukumtupa, tumempanda. Watu waliyapenda. Kulikuwa na familia zilizomwita yeye hata padri akiwepo, ili zisikie maneno hayo.

Mwaka jana maneno hayo yalirudishwa kwake, mbele ya watu wote.

Kuna desturi moja ambayo Papa aliishika kuliko mtu yeyote wa chama: mbegu haitoki ghalani kabla ya kubarikiwa. Mwanzoni mwa msimu familia zinakusanyika mbele ya mlango na vikapu vyao siku ya Jumapili, padri ananyunyiza maji ya baraka, ndipo kugawa kunaanza. Hata miaka ya vita, padri alipokwama njiani, mbegu zilimngoja na watu wakangoja nazo.

Mwezi wa pili mwaka jana ziwa lilikuwa limepanda sana. Nyumba nyingi za karibu na maji zilikuwa zimeachwa, na familia zilikuwa zikilala katika madarasa ya shule. Papa alikuwa amekwisha kutoa mbegu katika mapipa na kuzitia katika magunia, tayari kwa Jumapili. Siku ya Jumanne Papa André, mwenyekiti wa komite, alikuja ghalani na kumwonyesha ukuta wa nyuma. Matofali ya chini yalikuwa yamelowa. Papa André alitaka magunia yapandishwe siku ileile hadi nyumba ya parokia, juu. Papa Télesphore alijibu kwamba baraka ni Jumapili.

“Télesphore, maji haijui Jumapili,” alisema Papa André.

“Mbegu hizi zimengojea vita. Zitangojea siku tano.”

Ziwa halikungoja. Ijumaa mchana upepo ulitoka upande wa Kigoma, mawimbi yakapiga ukuta ule mpaka ukaanguka. Wanaume waliingia katika maji yanayofika kiunoni kutoa magunia, na Papa Télesphore alisimama katika mlango ule mmoja akiyapokea moja baada ya jingine. Maharagwe yalipotea yote. Mahindi yaliokolewa karibu yote, lakini yalikuwa yamelowa mpaka ndani.

Baraka ilifanyika Jumapili kama ilivyopangwa, kanisani, magunia yakichuruzika maji mbele ya altare. Kufikia saa ile punje zilikuwa zimevimba, na nyingi zilikuwa zimetoa ncha nyeupe, kama jino la kwanza la mtoto. Kila mkulima anajua maana yake. Mbegu iliyoanza kuchipua hairudi nyuma. Ukiianika, inakufa moja kwa moja. Yalibaki mambo matatu: kuipika, kuwauzia wanawake wanaotengeneza kimea cha pombe, au kuipanda kesho yake.

Wanawake wa kimea walikuwa wamekwisha kusimama nje ya kanisa. Familia za madarasani zilikuja na sufuria. Na kupanda, wapi? Mashamba ya bondeni kando ya mto Rugumba yalikuwa chini ya maji. Yale ya mbali, juu, yalikuwa bado pori.

Baada ya misa Papa Télesphore alisimama akaomba kusema. Alisema kuna ardhi moja tu iliyo juu na iliyo tayari: upande mpya wa makaburi ya parokia. Upande wa zamani umejaa, kwa hiyo mwezi wa kwanza vijana walikuwa wameng'oa visiki vya upande huo mpya na kuutifua wote. Makaburi yalikuwa machache tu, ukingoni.

Kila mtu kanisani akasema kwa pamoja. Papa André hakupaza sauti, na ndiyo sababu wote walimsikia.

“Kwanza ulizamisha mbegu zetu,” alisema. “Sasa unataka tukule wafu wetu.”

Wengine walicheka, na hakikuwa kicheko kizuri. Mama mmoja wa nyuma akauliza kama bukari, yaani ugali, ya mahindi hayo italiwa na sombe ya majani ya muhogo au na rozari. Papa Télesphore alibaki amesimama mpaka kicheko kikaisha. Kisha akarudia jambo lilelile kwa maneno yaleyale.

Padri Ruben ndiye aliyeamua. Alisema ardhi ni ya parokia, lakini wafu wana wenyewe. Kila familia yenye kaburi upande ule ikikubali, tupande. Moja ikikataa, basi, watu wapike.

Mchana huo Papa Télesphore alipita nyumba kwa nyumba, na Papa André alifuatana naye, ili asimlazimishe mtu. Familia zilikubali, nyingine kwa heshima yao kwa Papa, nyingine kwa sababu nazo zilikuwa zikingoja mbegu kutoka magunia yaleyale. Ilibaki moja. Mama Émérence, anayeuza samaki karibu na daraja, alikuwa amemzika binti yake pale mwezi wa kumi na moja uliotangulia. Kolera ilimchukua kwa siku mbili. Jina lake Reine, alikuwa na miaka saba. Nilimwomba Mama Émérence ruhusa ya kuandika jina hilo hapa. Aliniambia niliandike vizuri, lisomeke.

Siku ile hakufungua mlango.

Jumatatu asubuhi tulipanda kilima na majembe, magunia yakiwa juu ya baiskeli, bila kujua kama tutapanda au tutarudi. Mama Émérence alikuwa amefika kabla yetu. Alikuwa amesimama mbele ya kaburi la Reine, pale shamba linapoanza. Hakuwa na jembe wala kikapu. Jua lilikuwa limeanza kuchoma. Ncha nyeupe zilikuwa zimerefuka, nyingine zilikuwa zikivunjika tukizigusa. Chini ya kilima watu wa sufuria walikuwa wakitazama juu, na wanawake wa kimea wamekaa juu ya vikapu vyao vitupu. Wote tulijua kwamba kabla ya jioni mbegu zitakuwa ardhini au chunguni. Zikiwa chunguni, chama hakina mbegu ya msimu huu wala ya msimu ujao, na hakuna ghala jirani ambalo lingetupa, kwa sababu maji yalikuwa yameingia kila mahali.

“Mutoto wangu hapana mbolea,” alisema Mama Émérence.

Papa Télesphore alivua kofia. Alimwambia kwamba mahindi hayatakaribia kaburi, kwamba ataacha nafasi kubwa kama anavyotaka mwenyewe. Alikuwa anataka kuendelea, Mama Émérence akamkatiza.

“Siku ile, hapahapa, uliniambia hatukumutupa, tumemupanda. Sivyo?”

“Nilisema hivyo, mama.”

“Nimekuja kila siku. Mvua inanyesha, nakuja. Majani imeota, ile ya kung'oa. Yeye hajaota. Sasa niambie, weye katekista. Ataota siku gani?”

Hakuna aliyesogea. Tulimtazama Papa tukijua kwamba jibu analo, kwa sababu sisi sote alitufundisha: mwili utakaoota si ule uliopandwa, na siku anaijua Mungu. Hakulitoa jibu hilo.

“Sijui,” alisema. “Miye najua kupanda tu, mama. Kuotesha hapana kazi yangu. Nikishapanda, nakuwa kama weye. Nangojea.”

“Kungojea njo kunaniua.”

“Najua. Miye na Mama Marthe tuna wawili, kule upande wa zamani.”

Wengi wetu vijana tulikuwa hatulijui jambo hilo. Wazee walitazama chini. Mama Émérence alimwangalia Papa kwa muda, kana kwamba alikuwa anamwona mtu mwingine, kisha akaenda kwenye gunia la karibu, akaingiza mkono, akatoa punje chache. Akazitazama na ncha zao.

“Na haya, mutakula?”

“Hapana,” alisema Papa. “Hata punje moja. Yakiota, mavuno yote itakuwa mbegu. Mahindi ya kilima hii hatutakula.”

Papa André alishtuka. Alisema watu wanaacha chakula leo kiingie ardhini, sasa wanaambiwa waache na mavuno, na komite haijaulizwa. Alisema kweli. Papa Télesphore alimjibu tu kwamba neno limekwisha kutoka kinywani mwake, na kwamba atakayeona njaa aje ale kwake, Mama Marthe atapika kilichopo. Mama Marthe alikuwa nyuma yetu na jembe begani. Akasema ni kweli atapika, lakini ndagala wa ziwani watakuwa wadogo.

Mtu mmoja alicheka. Safari hii kilikuwa kicheko cha kawaida.

Mama Émérence alirudisha punje katika gunia, hakuangusha hata moja. Kisha akasogea. Hakwenda nyumbani. Alikaa chini kando ya kaburi, akakunja miguu ili watu wapate kupita.

“Anzeni mbali,” alisema. “Mukifika karibu na yeye nitawaambia pa kusimama.”

Tulipanda mpaka jua likashuka. Mbegu ya namna hiyo haitupwi shimoni, inalazwa kwa vidole, ncha ikielekea chini, na udongo unarudishwa polepole. Papa alipita mstari kwa mstari akituonyesha. Watu wa sufuria walipanda nao. Hata wawili kati ya wanawake wa kimea walishika jembe, wakisema wamekwisha kupoteza siku. Mama wa rozari alikuwa jirani yangu, na hakutania tena. Tulipokaribia ukingo, Mama Émérence alinyoosha mkono. Tukasimama pale.

Halafu mvua ikakatika.

Ziwa lilikuwa milangoni mwa watu, na juu ya kilima udongo ukaanza kupasuka. Kila asubuhi mbingu ilikuwa safi kama sahani iliyooshwa. Njaa ilizidi madarasani, na watu walianza kusema kwa sauti kile walichokuwa wakisema kwa siri: kwamba mzee mmoja alizamisha mbegu kwa sababu ya maji ya baraka, kisha akazika zilizobaki kwa sababu ya mahubiri. Kunguru walikuja. Mama Émérence, ambaye alikuwa akifika pale kila siku hata hivyo, aliwafukuza kwa kugonga mkebe wenye mawe. Watu walipanda kilima kwa visingizio mbalimbali, na kila mmoja alichokora udongo kidogo kwa kidole. Papa Télesphore alikataza jambo hilo kwa ukali. Siku iliyofuata Mama Émérence alimkuta yeye mwenyewe amepiga magoti katikati ya shamba, akichokora. Alimwambia aache likufe kwa amani. Kisa cha harage la Chadrack kinajulikana na mji mzima.

Komite iliitisha mkutano ufanyike Jumapili ya pili baada ya kupanda. Hoja ilikuwa moja: kumwondoa Papa Télesphore kazini bila sherehe, na kumnyang'anya ufunguo wa ghala lisilo na ukuta. Papa André ndiye aliyeileta hoja hiyo, na hakumficha. Alikwenda nyumbani kwake kumwambia ana kwa ana. Mama Marthe anasema Papa alimkaribisha kiti, akamsikiliza mpaka mwisho, akamwambia kwamba angekuwa yeye ni mwenyekiti angefanya vilevile. Kisha hakula.

Alhamisi ilinyesha kidogo, vumbi likalala tu. Ijumaa ilinyesha vizuri, na Jumamosi pia. Jumapili kabla ya misa Mama Émérence alishuka kilima, viatu mkononi, miguu imejaa matope. Alipita kwa Papa André kwanza, kisha kwa Papa Télesphore. Wote wawili aliwaambia neno moja: “Kujeni.” Majirani waliowaona wakipita waliwafuata, nami nikawafuata majirani.

Nusu ya shamba ilikuwa tupu. Lazima niandike hivyo, kwa sababu baadaye watu walisimulia kwamba kilima kizima kilikuwa kijani. Hakikuwa. Mbegu nyingi zilikuwa zimekufa, basi. Papa alipita kando ya mistari hiyo mitupu akiangalia, na uso wake haukuficha kitu. Lakini nusu nyingine ilikuwa imesimama. Vilikuwa vijani vidogo, viwili viwili, bado vimekunjika, na tone la mvua katikati. Mistari ilionekana vizuri, ikipanda moja kwa moja mpaka pale mkono wa Mama Émérence ulipokuwa umetusimamisha.

Papa André alichuchumaa mbele ya mmea wa kwanza. Alikaa hivyo kwa muda, kiganja chake juu yake, bila kuugusa.

Mama Émérence alikuwa amesimama kando ya kaburi, mahali ambapo hapakuwa na kitu ila udongo wenye unyevu.

“Ya kwenu imeota,” alisema. “Yangu bado.”

“Bado,” alisema Papa Télesphore.

Walisimama pale pamoja mpaka kengele ya misa ikalia. Tangu siku ile, akiongoza sala makaburini, Papa amebadilisha maneno yake kidogo. Anasema: hatukumtupa, tumempanda, na bado tunangojea.

Mkutano ulifanyika mchana. Papa André aliondoa hoja yake, lakini aliomba kosa la Papa Télesphore litajwe wazi mbele ya wanachama, na Papa mwenyewe akalitaja. Siku hiyohiyo desturi ilirekebishwa kwa ombi lake: ziwa likipanda, mbegu inapandishwa kwanza, na baraka inaifuata huko iliko. Ghala jipya liko juu, nyuma ya kanisa. Lina milango miwili. Papa alipoulizwa kuhusu huo wa pili, alisema mtu anaweza kuzeeka na bado akajifunza.

Mahindi ya kilima yalivunwa mwezi wa sita mwaka jana, na hakuna aliyechoma hata hindi moja, ingawa familia kadhaa zilitoka katika chama kwa hasira, na siwezi kusema zilikosea. Tuliishi kwa muhogo na ndagala. Mwezi wa kumi mbegu ziligawiwa, hata kwa familia za madarasani, zikapandwa katika mashamba ya kawaida. Kwa kuwa nusu ilikuwa imepotea, mavuno yake ya mwezi wa pili nayo yalirudi karibu yote ardhini. Haya ya mwezi huu ndiyo ya kwanza tunayoweza kula.

Yamekauka, yako ndani ya nyumba zetu, na mpaka juzi hakuna aliyesaga. Watu walikuwa wakinunua unga sokoni huku mahindi yao yamejaa vikapuni. Ahadi ya Papa ilikuwa juu ya mahindi ya kilima tu, kila mtu anajua. Lakini hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza, na Papa mwenyewe alikataa kumwambia mtu lolote.

Juzi asubuhi Mama Émérence aliingia biro na beseni kichwani, akalishusha juu ya meza. Ulikuwa unga mweupe, uliochekechwa vizuri. Alisema ni wa mahindi ya shamba lake, amesaga yeye, na ni kwa ajili ya bukari ya sherehe ya Papa Télesphore. Papa André alikuwepo. Alimwuliza kwa sauti ya chini kama ana hakika.

“Reine alipenda bukari,” alisema. “Mupike.”

Kwa hiyo leo, hotuba zikiisha, tutakaa wote na kula. Papa Télesphore, asante kwa kila punje uliyotutunzia wakati nyumbani kwako hakukuwa na kitu. Mama Marthe, asante kwa ndagala wadogo. Tunawaombea afya, usingizi usiosumbuliwa na upepo wa ziwa, na miaka mingi ya kula mlichopanda.

Evodie, biro ya chama